Mwili mmoja, mizani tatu: kwa nini kilo hazilingani Kampala

KAMPALA. Mfanyabiashara anayeshuka kwenye basi la usiku kutoka Nairobi au Busia hana haja ya kutafuta mizani jijini Kampala. Mizani ndiyo humtafuta. Karibu na Old Taxi Park na kwenye vijia vya kuelekea soko la Owino hakosi kumwona kijana aliyekaa kwenye kigoda, mbele yake mizani ya bafuni imewekwa juu ya kipande cha boksi. Unatoa sarafu, unapanda, unasoma: kilo 81. Saa mbili baadaye, katika duka la dawa, mizani ya kidijitali inasema 79.4. Jioni, kwenye nyumba ya wageni, ni 80.3. Hujala chochote cha ajabu wala hujaugua. Nani kasema kweli?

Kwa watu wanaoishi kwa mizani, hili si swali la mchezo. Mnunuzi wa maharage au mahindi pale Kisenyi hapakii gunia kabla ya kuona sindano imetulia kwenye sifuri. Wenzake wa Tanzania wamepigana na lumbesa kwa miaka mingi. Lakini watu haohao huiacha miili yao ipimwe na mizani yoyote iliyo karibu, kisha wakafurahi au wakaogopa kwa sababu ya tarakimu ile.

Tofauti ya kwanza ni ya kisheria. Mizani ya biashara nchini Uganda hukaguliwa na Shirika la Viwango la Taifa, UNBS, na kugongwa mhuri kila mwaka. Tanzania kazi hiyo ni ya Wakala wa Vipimo, na Kenya nayo ina idara yake ya vipimo na mizani. Mizani ya bafuni haimo katika utaratibu huo. Hairuhusiwi kupimia bidhaa za kuuza, na nyingi zimeandikwa hivyo na waliozitengeneza. Ile ya kando ya barabara, basi, huenda haijawahi kuwekewa jiwe la kilo 20 tangu itoke kiwandani.

Ya pili ni mahali ilipowekwa. Mizani ya springi hupima kwa kubonyea. Ikiwekwa juu ya zulia, boksi au lami yenye mashimo, kipimo kinaweza kukosea kwa sababu kitako chake nacho kinabonyea, au kinagusa mahali ambapo hakikupaswa kugusa. Za kidijitali nyingi zina vitambuzi vinne, kimoja kila pembe. Mguu mmoja ukining'inia, hesabu inaharibika. Kuna na ujanja ambao wengi hawaujui: baadhi ya mizani za kidijitali hukumbuka kipimo cha mwisho. Ukishuka na kupanda tena papo hapo, inakurudishia tarakimu ileile, nawe unadhani imethibitisha. Haijathibitisha kitu, imejirudia tu.

Halafu kuna hadithi ya Kayabwe. Kwenye barabara ya Masaka, kilomita zipatazo 70 kutoka Kampala, wasafiri husimama kupiga picha kwenye mstari wa ikweta na kuambiwa kwamba hapo mtu huwa mwepesi. Ni kweli, ila si kwa kiasi cha kujisifia. Mvuto wa dunia kwenye ikweta ni pungufu ya ule wa ncha za dunia kwa takriban nusu ya asilimia moja, na Kampala yenyewe iko karibu mno na mstari huo hivi kwamba safari ya Kayabwe haikupunguzii kitu. Tofauti inaonekana pale mizani ya springi au ya kidijitali iliyorekebishwa Ulaya inapoletwa huku: mtu wa kilo 80 atasoma karibu robo kilo pungufu. Kwa iliyorekebishwa Guangdong, kusini mwa China, pengo hilo linashuka hadi gramu 100 hivi. Mizani ya mkono wenye mawe ya kusogeza haidanganyiki kwa hilo, kwa kuwa inalinganisha uzito na uzito. Kwa hiyo mwenye pengo la kilo mbili asiisingizie ikweta.

Na mwili nao hautulii. Nusu lita ya maji ni nusu kilo papo hapo. Sahani ya matoke, viatu, simu mbili, funguo za duka na kibunda cha noti kiunoni vyote vinahesabiwa. Mtu yuleyule anaweza kutofautiana kilo moja au mbili kati ya alfajiri na usiku bila kunenepa hata kidogo.

Je, pengo hilo linamdhuru nani? Mtoto, kwanza. Dawa mseto ya malaria inayotumika sana katika ukanda huu, artemether-lumefantrine, hutolewa kwa uzito: chini ya kilo 15 ni kidonge kimoja kila dozi, kuanzia kilo 15 hadi chini ya 25 ni viwili. Kwa mtoto wa kilo 14.5, mizani iliyokosea kwa kilo moja inaongeza dozi maradufu. Mama anaweza kupanda na mtoto, kisha peke yake kwenye mizani ileile, na kutoa. Kosa la sifuri hujifuta lenyewe katika kutoa huko. Mwingine ni mgonjwa wa moyo, anayeambiwa arudi hospitali akiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu. Akijipima Kampala leo, Eldoret kesho na Mwanza keshokutwa, hataijua dalili hiyo.

Njia ya kuikagua ni ya kienyeji na haina gharama. Weka mizani kwenye sakafu ngumu, iwe kwenye sifuri. Panda ukiwa umeshika jerikeni tupu, soma. Ijaze kwa chombo cha lita moja mara 20, usiijaze pomoni kwa kuwa inabeba zaidi ya lita 20, kisha panda tena. Tofauti inapaswa kuwa kilo 20. Mizani mbili zikipishana kwa kiasi kilekile, mzigo uwe mwepesi au mzito, tatizo ni sifuri. Pengo likikua kadiri mzigo unavyokua, ni springi au vitambuzi.

Baada ya hapo, chagua moja na uishikilie: asubuhi, baada ya kujisaidia, kabla ya chai, bila viatu. Andika kwenye daftari lilelile la madeni ukitaka. Msafiri wa kila wiki ajipime nyumbani kabla ya kuondoka na anaporudi, na za njiani aziache zimpite. Yule kijana wa Old Taxi Park naye, akiondoa lile boksi na kuweka ubao mgumu, kisha akazungusha kile kigurudumu cha sifuri kabla ya kila mteja, angekuwa amepunguza makosa mengi kwa siku moja.