UZI: Sanaa kwenye viwanja vya ndege. Nani analipa, nani anachagua, nani anaonekana?

1/ Kila mara uwanja wa ndege ukijengwa au kukarabatiwa hapa Kenya, mabishano ni yale yale. Mmoja anaweka picha ya sanamu au mchoro wa ukutani. Wa pili anauliza, "Hii imekula pesa ngapi?" Wa tatu anasema, "Watu hawana maji, nyinyi mnanunua picha!" Wa nne anatukana kabila la mtu. Hapo mjadala umekufa. Leo tuufufue, polepole.

2/ Naandika nikiwa Liboi, kaunti ya Garissa, kule barabara ya A3 inakokaribia mpaka wa Somalia. Kiwanja chetu cha ndege ni kidogo, hakuna ukuta wa kutundika picha. Sasa mbona haya mambo yananihusu? Nitakwambia mwisho. Sitataja mwanasiasa wala chama. Ukitaja kwenye majibu, shauri yako.

3/ SWALI LA KWANZA: UWANJA NI WA NANI?
Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Usafiri wa anga ni kazi ya serikali kuu, na viwanja vikubwa vinasimamiwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, KAA. Shughuli za utamaduni, kwa upande mwingine, zimewekwa chini ya kaunti. Kwa hivyo picha ndani ya uwanja wa ndege imekaa katikati ya serikali mbili. Ukimkaba MCA wako kuhusu ukuta wa uwanja wa Wajir, umebisha mlango usio wake.

4/ Sasa ile hoja ya maji. Jedwali hilo hilo linaipa kaunti huduma za maji na usafi. Picha ya uwanja wa ndege inatoka debe lingine kabisa. Ukiifuta hiyo picha leo, hakuna tone la ziada litakalofika kwenye kisima cha Liboi kesho. Hii haimaanishi kilio cha maji ni cha uongo. Inamaanisha kipelekwe pale pesa ya maji inapogawanywa.

5/ Tena maeneo yetu yana debe la tatu. Kifungu cha 204 cha Katiba kimeunda Hazina ya Usawazishaji: nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa, kwa ajili ya maeneo yaliyoachwa nyuma. Katiba imeifungia kwa huduma za msingi: maji, barabara, afya, umeme. Hairuhusiwi kununua sanamu. Mtu akikwambia mchoro umekula pesa za Hazina hiyo, mwambie alete karatasi. Akiileta, hilo ni kosa kubwa, tupige kelele sote.

6/ Lakini msiwacheke wanaouliza bei. KAA ni shirika la umma. Ada zinazotozwa abiria na ndege ni pesa za umma hata kama hazikupitia kwenye kodi ya mshahara wako. Na ukuta una bei: mahali palipowekwa mchoro pangeweza kuwekwa tangazo la benki, shirika likalipwa kila mwezi. Swali zuri basi ni hili: ndani ya debe hilo hilo la viwanja, picha imeshindana na nini? Vyoo? Kivuli cha abiria wanaongoja juani kwenye viwanja vidogo? Huo ndio ulinganisho wa haki.

7/ SWALI LA PILI: NANI ALICHAGUA?
Hapa ndipo penye moto wenyewe, na watu hupapita mbio. Kifungu cha 227 kinataka manunuzi ya umma yawe ya haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu. Kwa saruji ni rahisi, mfuko ni mfuko. Kwa sanaa ni vigumu. Ukichukua bei ya chini tu, utapata picha ya bei ya chini.

8/ Kuna milango miwili ya kuingilia. Wa kwanza: shirika linatangaza wazi, wasanii wanaleta michoro ya awali, jopo linachagua na kueleza sababu. Wa pili: sanaa inafichwa ndani ya tenda ya ujenzi kama "mapambo ya ndani". Hapo mkandarasi ndiye msanii, ndiye jopo, ndiye kila kitu. Hutaona jina la msanii popote. Ukisikia "mapambo" kwenye hesabu ya jengo, amka.

9/ Tumeshaumwa na nyoka huyu, ingawa si uwanjani. Mwaka 2015, banda lililobeba jina la Kenya kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, lilikuja na orodha iliyojaa wasanii kutoka China. Mwaka 2013 pia ilikuwa karibu hivyo hivyo. Wasanii wa hapa walipiga kelele, na serikali ikajitenga na banda hilo. Jina letu lilikuwa mlangoni, sisi wenyewe hatukuwa ndani. Mchakato ukiwa gizani, matokeo ndiyo hayo.

10/ Wengi mnaopita Doha kwenda kazini Ghuba mmepiga picha na yule dubu mkubwa wa manjano mwenye taa kichwani. Anaitwa Lamp Bear, kazi ya Urs Fischer. Mwaka 2011 aliuzwa mnadani New York kwa takriban dola milioni 6.8. Hakuna raia aliyeulizwa, na hakuna aliyetarajia kuulizwa. Nchi ya kifalme inaweza kufanya hivyo. Sisi Kifungu cha 10 kimetuandikia ushirikishwaji wa wananchi. Kwa hivyo ukisema "mbona Doha wanaweza?", kumbuka wanalipa na kuamua kwa kanuni nyingine.

11/ Mfano wa upande wa pili: Denver, Marekani. Huko sheria ya jiji inatenga asilimia 1 ya miradi mikubwa ya ujenzi wa umma kwa ajili ya sanaa. Kwenye uwanja wao kuna farasi mkubwa wa buluu mwenye macho mekundu yanayowaka, aliyesimamishwa 2008. Msanii wake, Luis Jiménez, alifariki 2006 kipande cha sanamu hiyo kilipomwangukia. Watu wengi walimchukia farasi huyo, wengine wakataka aondolewe. Bado yupo. Funzo: utaratibu wa wazi hauleti kazi inayopendwa na wote. Unakupa tu mahali pa kulalamikia, na mtu wa kukujibu.

12/ SWALI LA TATU: NANI ANAONEKANA?
Uwanja wa ndege ni sebule ya nchi. Ukichora simba, twiga na ufuo wa bahari, umemwambia mgeni Kenya ni nini. Sawa, utalii unalisha watu. Lakini mtoto wa Garissa akipita hapo anajiona wapi? Huku kwetu swali la "wewe ni Mkenya kweli?" lina historia. Mwaka 1989 Wakenya Wasomali walipangwa foleni kuchunguzwa uraia wao, waliopita wakapewa kadi ya pekee. Mtu aliyebeba kadi ile hataona ukuta wa uwanja kama mapambo tu.

13/ Na usafiri wenyewe una kumbukumbu. Mwaka 2019 ndege kutoka Mogadishu kwenda Nairobi ziliamriwa tena zitue kwanza Wajir, abiria wakaguliwe, ndipo ziendelee. Usalama ni hoja, sibishi. Lakini kwa wengi Wajir ilikuwa foleni na begi lililofunguliwa. Ukiwa kwenye foleni hiyo, kilichoko ukutani mbele yako kinakwambia kama wewe ni mgeni au mshukiwa.

14/ Hata sebule kuu ina siri. Uwanja wa Embakasi, ambao leo ni JKIA, ulifunguliwa 1958. Sehemu ya kazi yake ilifanywa kwa mikono ya wafungwa na mahabusu wa enzi za Hali ya Hatari, watu waliokamatwa kwa sababu ya Mau Mau. Ni abiria wangapi wanajua? Sanaa ya uwanjani inaweza kusema jambo kama hili kwa ukuta mmoja, bila hotuba.

15/ Sasa tuje karibu zaidi. Wagalla, Wajir. Wagalla ni kiwanja cha ndege. Februari 1984 wanaume wa jamii ya Degodia walikusanywa na vikosi vya usalama, wakafungiwa kwenye kiwanja hicho siku kadhaa juani bila chakula wala maji. Wengi waliuawa. Serikali ya wakati huo ilisema waliokufa ni 57. Manusura wanazungumza juu ya maelfu.

16/ Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilichunguza, ripoti ikatolewa Mei 2013. Machi 2015, Rais wa wakati huo aliomba radhi Bungeni kwa dhuluma za zamani na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10. Tangu hapo fidia imebaki wimbo wa kila kampeni. Kwa hivyo mtu akipendekeza mchoro au mnara wa kumbukumbu kwenye uwanja wa ndege wa huku kwetu, ajue neno "kiwanja cha ndege" halisikiki Wajir kama linavyosikika Kisumu.

17/ Pande mbili, zote za kweli.
Upande A: abiria amebeba mtoto na mizigo, usimtundikie msiba. Tena mnara bila fidia ni njia rahisi ya serikali kufunga faili.
Upande B: tukinyamaza, ukuta utajazwa twiga, na wajukuu watadhani hapakutokea kitu.
Mimi naegemea B, kwa sharti moja: familia ziulizwe kwanza, na ziwe na nguvu ya kusema HAPANA. Mnara wowote unaozinduliwa wakati wajane bado wanazunguka ofisini na faili, huo ni wa mzinduzi.

18/ SUALA LA DINI
Lisemwe wazi, lisiogopwe. Waislamu wengi hawataki sanamu za viumbe hai, na maulamaa wenyewe wanatofautiana kuhusu picha. Anayepanga sanamu ya ngamia mlangoni Garissa bila kuzungumza na watu anatafuta vita asivyohitaji. Na anayesema "basi huku hakuna sanaa" naye amekosea. Kuna hati za Kiarabu. Kuna maumbo ya nakshi. Kuna mikeka ya aqal, ile nyumba ya kuhama, wanayosuka akina mama. Kuna dhiil ya maziwa. Kuna koor, kengele ya mti ya ngamia. Sanaa ipo kitambo, haijalipwa tu.

19/ Hapo kwenye kulipwa tusimame kidogo. Mara nyingi mkeka ukiwekwa kwenye kioo unaandikwa "kazi ya mikono ya Wasomali". Hivyo tu. Wakati picha ya mchoraji wa mjini ina jina na mwaka. Mama aliyesuka ana jina. Aandikwe, asaini mkataba, alipwe. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inampa msanii haki ya kutajwa kwa kazi yake, na kupinga igeuzwe umbo kwa namna inayomvunjia heshima. Ofisi inayohusika ni Bodi ya Hakimiliki, KECOBO.

20/ Swali dogo lenye meno: sanaa ikiwa ndani, baada ya ukaguzi wa usalama, ni ya umma kweli? Anayeiona ni mwenye tiketi. Wengi wa Liboi wanakwenda Nairobi kwa basi, ukaguzi baada ya ukaguzi. Kwa hiyo daini kazi nyingine ziwekwe nje, pale teksi na wasindikizaji wanapokaa. Na daini bajeti ya matunzo. Jua la huku na vumbi havina huruma kwa rangi.

21/ UFANYE NINI BADALA YA KUTUKANANA?
Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuandikia ofisi ya umma, ikujibu ndani ya siku 21. Barua moja, maswali matano:
– Kazi hii imegharimu kiasi gani, na pesa zimetoka fungu gani?
– Ilitangazwa wapi?
– Nani walikaa kwenye jopo?
– Msanii ni nani, na amelipwa yote?
– Wenyeji walishirikishwa lini na wapi?

22/ Na kama unataka kaunti ilipe mafundi wake, usingoje uzinduzi. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafikishwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kwenye vikao vya katikati ya tarehe hizo ndipo neno lako lina uzito. Ukikosa vikao halafu uje kulia mtandaoni mwezi wa saba, umechelewa.

23/ Niliahidi kurudi Liboi. Mwaka 1991, wakimbizi wa vita vya Somalia walipovuka, Kenya ya kwanza waliyoiona wengi wao ilikuwa hapa, kabla ya kambi za Dadaab kuwa kambi kuu. Mei 2023 serikali ilitangaza kwamba mpaka utafunguliwa, Liboi ikiwemo. Julai, baada ya mashambulizi, ikaahirishwa.

24/ Siku moja utafunguliwa. Kutajengwa ofisi ya mpakani, na ofisi ina ukuta. Mtu atatoka Dhobley, ainue macho, aone kitu. Itakuwa picha ya kiongozi? Tangazo la simu? Twiga? Au mkeka wa aqal, na jina la mama aliyeusuka chini yake? Hilo halitaamuliwa siku ya kukata utepe. Litaamuliwa kwenye karatasi ya tenda miezi mingi kabla, wakati sisi tunabishana kuhusu watu.

25/ Mwisho wa uzi. Kama uko Wajir, Mandera au Garissa, niambie: ukipewa ukuta mmoja tu, ungeweka nini, na ungemuuliza nani kwanza? Majibu bila matusi. Sambaza kwa yule wa "watu hawana maji", na kwa yule anayemcheka.