Gari Likilala, Fundi Asilale



Katika nchi za baridi kali, kama vile Kanada, Swideni na Urusi, kuna kazi moja ambayo kila fundi wa magari huijua. Majira ya baridi yanapokaribia, pikipiki, matrekta na magari yasiyohitajika hutayarishwa kwa utaratibu maalumu, kisha hulazwa bandani kwa miezi kadhaa mpaka theluji iyeyuke. Huko jambo hili halina ubishi, maana mwenye kulipuuza hupata hasara mara moja. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa kadiri ya asilimia 9. Yakiachwa matupu ndani ya rejeta na injini, hupasua bloku ya chuma. Ndiyo sababu wenzetu huyachanganya na dawa ya kuzuia kuganda, na mchanganyiko wa nusu kwa nusu huhimili baridi ya nyuzi 35 chini ya sifuri. Betri nayo, ikiachwa bila chaji, huganda ikapasuka.

Kwetu Uganda na nchi jirani hakuna theluji barabarani. Kwa sababu hiyo waajiri wengi hudhani kwamba gari likiegeshwa uani linapumzika tu, na siku likihitajiwa litawaka. Fikira hiyo si ya kweli. Baridi haipo, lakini joto, unyevu, jua na panya wapo, nao hufanya kazi usiku na mchana bila kudai mshahara.

Mfano tunao. Shule zote za Uganda zilifungwa tarehe 20 Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Baadaye baadhi ya madarasa yaliruhusiwa kurudi, shule zikafungwa tena mwezi wa Juni 2021, na zilifunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Vilevile taksi na mabasi yalizuiwa kubeba abiria tangu tarehe 25 Machi 2020, na taksi ziliporuhusiwa tena tarehe 4 Juni mwaka huo zilitakiwa kubeba nusu ya abiria. Hebu fikirini basi la shule lililosimama karibu miaka miwili, mvua nne za masika na za vuli zikilipitia. Siku ya kufungua shule, anayepewa ufunguo ni dereva, na wanaopanda ni watoto.

Hatuhitaji kungoja ugonjwa mwingine. Lori za kubeba pamba na kahawa husimama msimu ukiisha. Magari mengine hungoja vipuri kwa miezi mingi. Kwa hiyo tunaeleza hapa namna ya kulaza gari, ili kila mwanachama ajue kazi hii ina mambo gani ndani yake.

KABLA YA KULILAZA

Kwanza, mafuta ya injini. Badilisheni mafuta na chujio lake kabla ya kuliegesha, si baada ya kuliamsha. Mafuta yaliyotumika yana asidi na majimaji, nayo hula chuma polepole wakati injini imetulia. Baada ya kubadilisha, washeni injini kidogo ili mafuta mapya yaenee.

Pili, tangi. Tangi la dizeli lijazwe karibu na juu, kwa sababu nafasi tupu hukusanya unyevu, unyevu hugeuka maji, na maji hukaa chini. Palipo na maji chini ya dizeli huota vijidudu vinavyofanya utelezi mweusi, na utelezi huo huziba chujio. Toeni maji ya chujio la dizeli. Petroli haivumilii kukaa miezi mingi. Sehemu zake nyepesi huondoka, na hubaki utomvu unaoziba kabureta. Pikipiki ya kabureta imwagwe petroli yote ya kabureta kabla ya kulazwa.

Tatu, betri. Fungueni waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya, na wakati wa kurudisha wa hasi uwe wa mwisho. Betri iwekwe mahali pakavu penye hewa, na ipimwe kila mwezi. Ya volti 12 iliyojaa husoma karibu 12.6, na ikishuka chini ya 12.4 ichajiwe. Betri inayochajiwa hutoa hewa inayolipuka, basi sigara na cheche zisikaribie. Katika joto letu betri huisha chaji upesi kuliko katika baridi.

Nne, maji ya rejeta. Hata pasipo baridi, msitie maji matupu ya mto au ya bomba. Dawa ya rejeta huzuia kutu, na kutu haina msimu.

Tano, magurudumu na breki. Jazeni upepo vizuri, na ikiwezekana gari liinuliwe juu ya stendi za chuma ili tairi zisibonyee upande mmoja. Jeki peke yake si stendi, na mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki tu. Tairi zifunikwe jua. Kwa magari madogo, breki ya mkono isiachwe imevutwa, kwa kuwa liningi hushikana na dramu. Wekeni kabari mbele na nyuma ya gurudumu. Kwa lori na mabasi ya breki za upepo, toeni maji yote kwenye matangi ya hewa.

Sita, panya. Ondoeni vyakula na magunia ndani ya gari. Zibeni bomba la moshi na mdomo wa kuvuta hewa kwa kitambaa, kisha andikeni jambo hilo kwenye karatasi na kuifunga kwenye usukani. Asiyeandika atamwachia mwenzake mtego.

Wako wanaodhani dawa ni kuwasha gari dakika tano kila wiki. Dakika tano hazitoshi kuipasha injini joto. Majimaji yanayotokana na kuungua kwa mafuta hubaki ndani ya injini na bomba la moshi, na betri hupoteza zaidi ya inachopata. Gari ama liendeshwe mpaka lipate moto kamili, ama liachwe limelala. Na kamwe lisiwashwe ndani ya banda lililofungwa. Katika moshi mna hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua mtu kabla hajatambua.

SIKU YA KULIAMSHA

Someni karatasi ya usukani. Ondoeni vitambaa, tazameni nyaya zilizotafunwa, pimeni mafuta, maji na mafuta ya breki. Tazameni tairi kama zina nyufa, na someni tarakimu nne zilizoandikwa ubavuni: 1219 maana yake ni wiki ya 12 ya mwaka 2019. Kwa gari la breki za upepo, jazeni hewa kwanza, kwa sababu hewa ikiisha springi hufunga breki zenyewe. Asiyefundishwa asifungue kikopo cha springi hiyo. Imebanwa kwa nguvu inayoweza kuua. Mwisho, jaribuni breki mahali pa wazi, gari likiwa tupu, kabla ya abiria yeyote kupanda.

NI KAZI, BASI ILIPWE

Sasa tuseme jambo linalotuhusu kama chama. Yote tuliyoeleza huchukua muda wa fundi na msaidizi wake, pamoja na mafuta, chujio na stendi. Waajiri wasiotaka kutoa saa hizo wala vifaa hivyo ni walewale ambao, gari likikataa kuwaka au breki zikishika, humkata dereva mshahara na kumwita mzembe. Hatuwezi kulikubali hilo.

Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1981, unasema kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi, na kwamba mfanyakazi anayejitoa katika hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya haki, asidhurike kwa kufanya hivyo. Mwaka 2022 mkataba huo uliingizwa miongoni mwa mikataba ya msingi ya Shirika hilo.

Kwa hiyo tunawaomba wajumbe wa kila karakana wadai mambo matatu. Kulaza na kuamsha gari kuhesabiwe kuwa kazi yenye saa na malipo. Kila gari linalolazwa liwe na daftari lake, linaloonyesha tarehe, kazi iliyofanywa na sahihi ya fundi na ya msimamizi. Na gari lililolala zaidi ya miezi mitatu lisibebe abiria mpaka fundi ametia sahihi kwamba breki na tairi zake ni nzima.

Daftari halina gharama kubwa, na siku ya ajali litaeleza nani aliomba stendi na nani alikataa kuinunua. Lianzishwe katika kila karakana msimu huu, kabla magari hayajaingia uani.