Safari ya Kuwinda Uluguru

Wanachama wenzetu, baadhi yenu mmetuuliza habari ya kuvuka bahari kwa chombo, mkawinde minde katika milima ya Uluguru bila kiongozi. Twajibu: msifunge safari hiyo. Minde ni paa mkubwa wa misituni, hapatikani nje ya Tanzania, naye amekuwa adimu. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 yakataza kuwinda bila leseni, na msitu ule ni hifadhi. Tena humo ndimo yachimbukapo maji ya mto Ruvu, yanywewayo Dar es Salaam.

Bunduki ziacheni nyumbani. Vukeni, mpande treni hadi Morogoro, mwende Matombo na Kinole mkawaone wakulima wa karafuu wenzetu. Mtarudi na faida ipitayo nyama.