Uzee Mbele ya Sheria (2): Mshtakiwa Mwenye Mvi

Uhalifu wa wazee ni makosa ya jinai yanayotendwa na watu waliofika miaka 60 au 65. Nchi inayotajwa kwanza ni Japani. Huko karibu watu 3 katika kila 10 wametimiza miaka 65, na kundi hilo limefikia zaidi ya moja ya tano ya wanaokamatwa kwa jinai. Kosa lao kubwa, hasa kwa wanawake, ni kuiba vitu vidogo madukani. Umaskini umo, na upweke umo pia: gerezani kuna mlo, na kuna mtu wa kusemezana naye.

Uganda, kinyume chake, ni nchi ya vijana. Sensa ya 2024 ilihesabu watu milioni 45.9, karibu nusu yao wakiwa chini ya miaka 18; waliotimiza 60 ni takribani 5 katika kila 100. Ukizunguka Endiinzi, wilayani Isingiro, kinachomfikisha mzee kwa mwenyekiti wa baraza la kijiji (LC1), au mbele ya hakimu, kwa kawaida si mkate wa dukani. Ni shamba. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyo jirani, yalifunguliwa 1958 kwa Wanyarwanda. Leo wamo Wakongomani, Warundi, Wasomali na wengine, na mipaka yake na ardhi ya wenyeji imebishaniwa miaka mingi. Mwenye ardhi mara nyingi ni mzee. Migomba ikikatwa, ng'ombe akijeruhiwa au mtu akiingia kibanja cha mwenzake kwa nguvu, mwenye mvi hakosi kutajwa, ama kama mlalamikaji, ama kama mshtakiwa.

Sheria ya Uganda imeweka mwanzo wa kuwajibika kwa jinai, miaka 12, bila kuweka mwisho. Nafuu ya uzee huja baadaye, kwenye dhamana. Kwa makosa mazito yanayosikilizwa na Mahakama Kuu, kama ile ya Mbarara, mshtakiwa anaweza kuombewa dhamana kwa mojawapo ya sababu tatu za pekee: ugonjwa mkubwa, cheti cha Mkurugenzi wa Mashtaka kwamba hana pingamizi, na utoto au umri mkubwa. Umri mkubwa ni miaka mingapi? Kifungu cha sheria kinachotaja sababu hizo hakisemi. Wapo majaji walioukubali uzee wa mtu wa miaka hamsini na kitu, na wapo waliokataa.

Hata namba ikiwapo, lazima ithibitishwe, na hapo ndipo penye ugumu wenyewe. Mkulima aliyezaliwa kabla ya uhuru wa 1962 mara nyingi hana cheti cha kuzaliwa. Mkimbizi naye hukadiriwa mwaka wa kuzaliwa kwa kuulizwa matukio, kisha kadi yake huandikwa tarehe 1 Januari, kama za wenzake wengi. Umri huohuo huamua pia riziki. Posho ya wazee iitwayo SAGE, iliyoanzishwa 2010, ni shilingi 25,000 kwa mwezi. Ilipopanuliwa nchi nzima ilianzia miaka 80, kwa raia mwenye kitambulisho cha taifa. Mkimbizi hahesabiwi. Yeye hutegemea mgao wa chakula, ambao umepunguzwa mara kadhaa.

Kosa la zamani linalohukumiwa uzeeni ni jambo jingine. Félicien Kabuga, aliyeshtakiwa kwa mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994, alikamatwa Ufaransa 2020 akiwa amevuka miaka 80. Mwaka 2023 majaji waliona akili yake haiwezi tena kufuata kesi.

Tukirudi Uganda, kwa makosa madogo, yasiyozidi kifungo cha miaka miwili, Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2000 humruhusu hakimu kumtumikisha mkosaji nje ya gereza, mwenyewe akikubali. Kwa mzee, hii ingekuwa njia ya huruma kuliko zote. Kazi yenyewe, mara nyingi, ni kufyeka nyasi.