Nguvu za Homelander na Shimo la Shinkolobwe

Mfululizo wa The Boys, ulioanza kuonyeshwa na Amazon mwaka 2019, umejulikana zaidi kwa damu yake. Shujaa wake mkuu, Homelander, anachoma watu kwa macho, kisha anatabasamu mbele ya kamera. Lakini humo ndani damu ni jambo jepesi. Zito ni uongo unaofichuliwa katika msimu wa kwanza: mashujaa wale hawakuzaliwa na nguvu, wala hawakuteuliwa na Mungu kama wanavyoambiwa waumini. Kampuni ya Vought iliwatia dawa iitwayo Compound V wakiwa watoto wachanga, kwa ridhaa ya wazazi waliotakiwa kunyamaza. Ukiifuata habari hiyo mpaka mwisho wake, unagundua kwamba kitu ambacho Vought inakilinda kuliko hata dawa yenyewe ni hadithi ya asili, kwa sababu anayeshika habari za nguvu zilikotoka ndiye anayeamua nani adai haki yake na nani ashukuru tu.

Msomaji wa Likasi, nchini Kongo, ana mfano wa jambo hili karibu na mji wake. Kilomita kama 20 upande wa magharibi iko Shinkolobwe, ambako Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilichimba radiamu tangu miaka ya 1920. Mwaka 1940 mkuu wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alipeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe ya urani ya mgodi huo hadi Staten Island, New York. Baadhi yake yalikuwa na oksidi ya urani kufikia asilimia 65, utajiri usio na kifani duniani wakati ule. Septemba 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka Kongo. Mradi wa kutengeneza bomu hilo uliitwa Manhattan, na hata hadithi za katuni zikalidaka jina hilo: Watchmen, iliyoanza kutoka mwaka 1986, ina shujaa wa rangi ya buluu aitwaye Doctor Manhattan. Mtaa wa New York ulipata shujaa wake. Mgodi haukupata hata mhusika wa kupita njia.

Kuna atakayesema kwamba siri ya urani ile ilikotoka ilidaiwa na vita, na Hitler asingepaswa kujua. Ni kweli, hadi mwaka 1945. Mwaka uliofuata Marekani ilimvisha Sengier nishani, kwa hiyo kufikia hapo ilikuwa inajulikana nani apongezwe. Waliochimba na kubeba mawe yale ndio waliobaki bila majina. Wengine watakumbusha kwamba kampuni ilijenga kambi, hospitali na shule, na ikatoa posho. Hoja hii ina uzito, na si haki kuwacheka wazee wanaozililia siku zile wakilinganisha na leo. Ila Vought nayo huwatunza vizuri walio wake, mradi wasiulize bei. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliuliza: waligoma wakitaka mishahara iongezwe, na huko Elisabethville, Lubumbashi ya leo, askari wakawafyatulia risasi.

Hapo ndipo kejeli ya The Boys, kwa ukali wake wote, inapokomea njiani. Inathubutu kuifuatilia dawa hadi kwa mwanasayansi wa Kinazi aliyehamia Marekani, na hadi mezani kwa wakurugenzi, kisha inasimama mlangoni mwa maabara, kana kwamba nguvu huanzia kwenye chupa. Kudai kwamba ni burudani tu hakuiokoi, maana kazi iliyojitwika ni kuwavua nguo wanaouza mashujaa. Nayo inatazamwa kwenye simu ambazo betri zake nyingi hutumia kobalti, madini ambayo Katanga inayo kuliko mahali pengine popote duniani. Shinkolobwe ilifungwa kwa amri ya rais Januari 2004. Julai mwaka uleule shimo liliporomoka na kuua wachimbaji wadogo waliokuwa wangali humo.