Kanyaruchinya: wifi inatambaa? Tafuta kwanza imekwama wapi

Saa mbili ya usiku, mvua imekamata upande wa Masisi. Mama ameketi ndani ya nyumba ya mbao, Kanyaruchinya, simu iko mkononi. Anangoja sauti ya bwana wake aliye machimboni Rubaya, na kila mchimbaji anajua mvua inafanya nini kwa shimo. Ujumbe umefika, lakini haufunguki. Kile kiduara kinazunguka tu. Asubuhi anatuma mtoto kununua mega zingine. Mega mpya nazo zinatambaa sawa na zile za jana.

Wandugu, njo pale pesa inapotea. Kununua mega hakuongezi mwendo ikiwa shida iko pengine. Mzigo ukichelewa kufika kwa negosia, mchimbaji hapanui shimo. Anauliza kwanza gari limekwama wapi. Koneksioni ya nyumba nayo ina vipande viwili vya njia: kutoka antena ya kampuni mpaka modemu, halafu kutoka modemu mpaka simu yako.

Pima mara mbili

Toa wifi kwenye simu zingine zote. Simama mita moja na modemu, fungua fast.com, andika namba. Nenda chumba cha mwisho, pima tena. Usirudie sana, maana kipimo chenyewe kinakula mega. Ikiwa karibu ni vizuri na mbali ni vibaya, shida iko ndani ya nyumba. Ikiwa hata karibu ni vibaya, angalia upande wa antena au forfe yako.

Jihadhari na neno "mega". Zile unazonunua ni megaokte. Zile za kipimo ni megabiti kwa sekunde. Okte 1 ina biti 8. Kipimo kikionyesha 4, unapata nusu megaokte kwa sekunde: video ya megaokte 30 itachukua dakika nzima. Hapo hakuna aliyekuibia.

Shida ikiwa ya nyumba

Wifi haipendi chuma wala maji. Modemu iliyofichwa nyuma ya televizheni, kando ya mapipa ya maji, ao nyuma ya ukuta wa mabati, inasema na wewe kama mtu aliyefungwa kinywa. Ukuta mnene wa mawe ya volkano nao unakula nguvu. Iweke juu ya meza ao kabati, katikati ya nyumba. Kama modemu inatoa wifi mbili, ile ya 5 ina mbio lakini inachoka haraka kwenye kuta. Chumba cha mbali kitumie ile ya 2,4. Badilisha pia neno la siri: pengine jirani wote wanakunywa kwenye kisima chako.

Shida ikiwa ya antena

Hapa modemu inataka dirisha, upande ule antena iko. Zungusha, ngoja dakika chache, tazama alama: 4G ikigeuka 3G, mwendo unashuka. Usiibandike chini kabisa ya mabati ya paa. Na kwa sababu mpaka wa Rwanda uko karibu, angalia jina la rezo: ikikamata ya ng'ambo, chagua ya kwako wewe mwenyewe kwenye mipangilio.

Halafu pima saa kumi ya usiku. Kama inakimbia saa ile, na saa mbili ya jioni inalala, antena imejaa. Antena moja inagawa nguvu yake kwa watu wote walio chini yake, na Kanyaruchinya inajua kujaa: mwaka 2022 maelfu ya watu waliokimbia vita vya Rutshuru walitua hapa. Vitu vizito vikokote usiku. Uliza pia kampuni: forfe zingine za "bila mwisho" zinapunguzwa mwendo ukishapita kiasi fulani.

Usiku wa mvua

Kurani ikikatika, modemu inazimika. Wekea batri kama unaweza. Kwenye WhatsApp, funga ile kazi ya kukokota video peke yake, maana video za kundi moja zinaweza kuziba njia ya ujumbe wa sauti unaoungoja.

Lakini jambo kubwa mukubaliane mapema, baba akiwa bado nyumbani. Ujumbe mfupi wa kawaida na simu ya kawaida havihitaji intaneti, na mara nyingi maandishi machache yanapita pale sauti na picha zinashindwa. Kila mvua ikiisha, mchimbaji aandike maneno mawili tu: "Niko mzima." Video ya mali aliyopata itakuja kesho. Mama wa Kanyaruchinya hawezi kulala kwa video. Analala kwa yale maneno mawili.