Fahamu: Kwa nini ruwaza za programu zifundishwe kwa kuanzia na tatizo

Mwaka 1994, Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides walichapisha kitabu chenye ruwaza 23 za kusanifu programu za objekti, wakazigawa katika mafungu matatu: uundaji, muundo na mwenendo. Mgawanyo huo humfaa anayezijua tayari. Anayeanza, awe Kericho au Bomet, huliona tatizo kabla ya kujua jina la dawa yake. Chukua programu ya kituo cha kununulia majani ya chai. Kilo zikishapimwa, mkulima na kiwanda sharti wapate taarifa papo hapo: hiyo ni kazi ya ruwaza ya Observer. Malipo ya mwezi na bonasi ya mwaka hukokotolewa kwa kanuni tofauti: hapo ruwaza ya Strategy hufaa.

Wapo watakaosema mafungu yale ndiyo lugha ya wahandisi duniani kote. Ni kweli, na mwanafunzi hana budi kuyajua. Lakini ruwaza hizo mbili zimo katika fungu moja la mwenendo pamoja na nyingine tisa, hivyo fungu peke yake halimwambii achague ipi. Mwalimu na aanze na tatizo, afuatishe jina. Mafungu yaje mwisho.